Uchafu, maji, zinaa: maneno yetu mbele ya magonjwa ya ngono

Katika vituo vingi vya afya vya nchi yetu hakuna maabara inayoweza kutofautisha kisonono na klamidia. Muuguzi anatumia kile ambacho wenye kazi wanakiita njia ya sindromu, iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani (OMS) kwa ajili ya mahali ambapo vipimo ni haba. Anamuuliza mgonjwa, anamtazama ikiwezekana, kisha anafuata mchoro wenye mishale. Usaha unamtoka mwanaume: mshale unaelekea kwenye dawa hizi. Kidonda sehemu za siri: mshale unaelekea kwenye dawa zile. Majimaji yasiyo ya kawaida kwa mwanamke, maumivu chini ya tumbo, uvimbe wa kinena, uvimbe wa korodani, macho ya mtoto mchanga yenye usaha: kila dalili ina njia yake. Dawa inatolewa siku hiyohiyo na inalenga vijidudu vyote vinavyojulikana kuleta dalili hiyo.

Kwa daktari, hiyo ni njia ya kutibu. Kwa mwanafunzi wa isimu ni jambo la kushangaza, kwa sababu mahali pasipo na darubini, neno la mgonjwa ndilo kipimo. Likieleweka vibaya, mshale unapotea. Ndiyo maana nimethubutu kuandika juu ya magonjwa katika jarida la kitivo chetu, ambamo kwa kawaida tunajadili ngeli na toni.

Kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo nilikuwa nikikusanya majina ya magonjwa katika Kiswahili cha Lubumbashi. Wauguzi wa kituo kimoja cha mjini walikubali kunieleza, bila kutaja mtu, jinsi mazungumzo yao na wagonjwa yanavyokwenda. Nitatoa mfano mmoja tu, walioniambia unajirudia mara nyingi. Muuguzi, ambaye sisi hapa tunamwita muganga hata akiwa hana cheo hicho, anauliza: «Mama, unatokaka uchafu?» Mama anajibu kwa haraka, karibu kwa hasira: «Apana! Mie minajisafishaka kila siku, asubui na mangaribi.» Muuguzi anaandika: hakuna. Mwenzake, mama wa umri mkubwa kidogo, anauliza tena kwa neno lingine: «Maji inatokaka?» «Eeh, maji iko inatoka. Na inanuka.»

Dalili ni ileile na mwili ni uleule, lakini majibu mawili yanapingana. Mama hakudanganya. Aliulizwa kama yeye ni mchafu, akakana.

Neno *uchafu* kwa maana hii limetoka katika vijitabu vya afya. «Kutokwa na uchafu ukeni» ni usemi wa kawaida katika maandishi ya Tanzania na Kenya, na watafsiri wetu wanaupokea jinsi ulivyo. Kifaransa kinasema *pertes*, yaani kinachopotea, kinachotoka; hakihukumu. *Uchafu* unahukumu kabla ya kueleza. Na kibaya zaidi, unachanganya mambo mawili ambayo mwanamke anapaswa kuyatofautisha: ute wa kawaida na majimaji ya ugonjwa.

Ute wa kawaida upo kwa kila mwanamke mzima. Ni mweupe au hauna rangi, hauna harufu kali, hauwashi. Unabadilika mwezi mzima: siku za katikati, yai linapokaribia kutoka, unakuwa mwingi, mwangavu, wa kuvutika kama ute wa yai la kuku, baadaye unakuwa mzito. Huo si uchafu hata chembe. Ni kazi ya mwili kujisafisha wenyewe. Ndani ya uke wenye afya wanaishi bakteria wa jamii ya laktobasili, wanaotengeneza asidi ya laktiki na kuweka pH kati ya 3,8 na 4,5 hivi. Katika ukali huo vijidudu vingi vinashindwa kukaa. Sasa mwanamke aliyefundishwa kwamba ute ni uchafu atafanya nini? Ataingiza vidole na sabuni. Atatumia maji ya ndimu, maji ya chumvi, dawa ya madukani yenye marashi. Laktobasili wanakufa, asidi inapungua, bakteria wengine wanazidi, na sasa harufu inakuja kweli, harufu ya samaki, na majimaji ya kijivujivu. Madaktari wanaita hali hiyo vajinosisi ya bakteria. Mwanamke anaona kwamba hakujisafisha vya kutosha, anaongeza sabuni. Na mwenye vajinosisi anaambukizwa virusi vya SIDA kwa urahisi zaidi kuliko mwenye laktobasili wake.

Kwa hiyo wauguzi wanashauri jambo ambalo linawashangaza wengi: nje tu. Maji safi, sabuni laini isiyo na marashi kama mtu anaitaka, kutoka mbele kwenda nyuma ili vijidudu vya haja kubwa visisogezwe, na ndani hakuguswi. Chupi ya pamba. Kitambaa cha hedhi kinafuliwa vizuri na kuanikwa juani, si chini ya godoro ambako aibu inakipeleka kikae na unyevu. (Hapa kuna utafiti mzima kwa yeyote anayetafuta mada: vitu vya hedhi vina majina mengi ya kuficha kuliko fedha.)

Majimaji yanayohitaji dawa yanajulikana kwa mabadiliko yake. Meupe kama maziwa yaliyoganda, pamoja na kuwashwa sana: mara nyingi ni kandida, ambayo haihesabiwi kuwa ugonjwa wa ngono. Ya manjano au ya kijani, yenye povu: huenda ni trikomona, nayo ni ya ngono, na mwenzi lazima atibiwe. Lakini njia ya sindromu ina udhaifu wake hapa, na wauguzi wenyewe wanaukiri. Wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawaoni dalili yoyote. Mshale hauwezi kuanza pasipo neno, na neno halipo pasipo dalili. Maambukizo yanapanda kimya hadi kwenye mirija ya uzazi, na miaka baadaye mtu anaambiwa ni tasa.

Neno *maji* nalo lina siasa yake. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mwanamke mwenye maji mengi anachekwa, na wapo wanaotumia majani, unga wa mizizi, shabu, hata kitambaa, ili uke uwe mkavu na wa kubana. Utafiti uliofanywa Zaire na kuchapishwa mwaka 1993 katika jarida la Social Science & Medicine ulieleza desturi hizo na kuuliza kama zinaongeza hatari ya SIDA. Sababu ya wasiwasi inaeleweka: ngozi laini ikikauka inachanika, kondomu nayo inapasuka kwa msuguano. Lakini ukivuka mpaka kuingia Rwanda, maji yaleyale yanasifiwa. Kuna desturi nzima, *kunyaza*, inayolenga yatoke kwa wingi, na mwanamke asiye nayo ndiye anayehuzunika. Nataja hilo kwa sababu tunapenda kusema «mwanaume wa Kiafrika anapenda hivi», kana kwamba Afrika ni chumba kimoja.

Kwa wanaume, neno linalodanganya ni *tohara*. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni utakaso, usafi. Aliyetahiriwa ni msafi, hivyo ndivyo lugha inavyosema, na vijana wengi katika homu wanaendelea na hoja hiyo hadi mwisho: msafi hashikwi. Ukweli una kipimo. Majaribio matatu makubwa, Orange Farm huko Afrika ya Kusini, Kisumu huko Kenya na Rakai huko Uganda, yalionyesha kati ya 2005 na 2007 kwamba tohara inapunguza kwa asilimia 60 hivi uwezekano wa mwanaume kuambukizwa virusi vya SIDA na mwanamke. OMS na ONUSIDA wakaipendekeza mwaka 2007 kama nyongeza ya kinga nyingine. Asilimia 60 inaacha 40. Tena, tohara haimkingi moja kwa moja mwanamke anayelala na mtu mwenye virusi, na kisonono hakijali sana kama mtu ametahiriwa. Asiyetahiriwa anapaswa kuvuta ngozi nyuma na kuosha kwa maji kila siku. Hapo usafi una faida ya kweli. Ila kuoga, kukojoa au kujipaka ndimu baada ya tendo hakutoi kijidudu kilichokwisha kuingia.

Sasa *zinaa*. Vitabu vya Kiswahili bora vinatufundisha kusema «magonjwa ya zinaa», na tunaandika hivyo katika mitihani. Zinaa, kwa Kiarabu kama kwa Kiswahili, ni kulala na mtu ambaye si mume au mke wako. Jina la ugonjwa kwa hiyo ni mashtaka. Mama aliyekaa na mume mmoja maisha yake yote, akaambukizwa na mume huyo, anaambiwa ana ugonjwa wa uzinzi. Mtoto anayezaliwa na kaswende kutoka kwa mama yake, ana zinaa gani? Kifaransa kilipita njia hiyohiyo: kilianza na *maladies vénériennes*, magonjwa ya Venus, kikaja MST, sasa ni IST. Herufi ya kwanza ilibadilika kutoka *maladie* kwenda *infection* kwa sababu ya maana: mtu anaweza kuwa na maambukizo na kuyapitisha kwa mwingine bila kuugua. Kiswahili kina nyenzo zote za kusema hivyo, «maambukizo ya njia ya ngono», na baadhi ya maandishi mapya yameanza. Wapo walimu wanaoona usemi huo ni mrefu mno. Ni mrefu, nakubali, ila urefu huo haumfukuzi mgonjwa mlangoni.

Kamusi za zamani zina neno kali zaidi, *tego*, kutoka *-tega*. Ni dawa ambayo mume anasemekana kuitega kwa mke wake, ili mwanaume mwingine atakayelala naye ashikwe na ugonjwa mbaya wa sehemu za siri. Ndani ya neno hilo mna elimu ya magonjwa iliyokamilika: ugonjwa unapita katika ngono, unampata mwanaume kutoka kwa mwanamke, na mwanamke mwenyewe haumwi. Jambo la mwisho ni lile la kisonono kisicho na dalili, limeonwa vizuri. Sababu tu ndiyo iliyowekwa mahali pengine. Na anayeamini tego atatafuta aliyetega, hataenda kupigwa sindano.

*Kisonono* wengi wanakihusisha na *-sonona*, kuuma, kuumiza. Nani aliyepitia hilo atabisha? Kwetu vijana wanasema zaidi *sopisi*, Kifaransa cha mitaani *chaude-pisse* kilichovaa sauti za Kibantu. Kwa mwanaume dalili zinakuja mara nyingi kati ya siku 2 na 7: mkojo unachoma, usaha unatoka. Kwa kuwa zinakuja haraka na zinauma, mwanaume anakimbilia kwa muuza dawa wa barabarani, ananunua vidonge vichache vya rangi mbili, maumivu yanapungua, anaacha. Hivyo ndivyo gonokoki walivyozoea dawa moja baada ya nyingine: penisilini, tetrasiklini, kisha siprofloksasini. Leo dawa inayotegemewa ni sindano ya seftriaksoni, nayo imeanza kushindwa katika baadhi ya nchi.

*Kaswende* ni hadithi tofauti, na kwa msomi wa lugha inavutia kwa *ka-* yake, ambayo ni ya nyumbani huku bara. Majirani zetu Wabemba wanasema *akaswende*. Hatari ya kaswende iko katika kitenzi *-pona*. Wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, kidonda kimoja kinatokea, kigumu, kisichouma. Baada ya wiki chache kinafunga chenyewe, mtu anasema: nimepona. Kiswahili kinaruhusu kusema «kidonda kimepona» na «mgonjwa amepona» kwa kitenzi kimoja, na hapo ndipo mtego ulipo, maana kidonda kweli kimepona. Ugonjwa umeingia katika damu. Baadaye vipele vinatokea, hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinaondoka. Kisha kimya cha miaka, na mwishoni moyo, mishipa, ubongo. Kwa mjamzito kimya hicho kinaua mtoto tumboni au kumzaa mgonjwa. Na haya yote yanazuiwa, ikiwa ugonjwa bado mchanga, kwa sindano ya penisilini ya benzathini, mara moja, dawa ya zamani ambayo bado inafanya kazi. Ndiyo sababu mjamzito anachukuliwa damu kliniki, hata kama hana dalili wala shaka.

Kabla ya kuondoka kwenye majina, neno moja juu ya kichocho. Katika vijiji vya kando ya maziwa na mito ya Katanga, bilihazia ya mkojo inaleta damu, na kwa mwanamke mayai ya mnyoo yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi, yakaleta vidonda, damu na maumivu wakati wa tendo. Msichana bikira anaweza kuwa nayo. Alichota maji tu. Lakini kwa kuwa dalili zinafanana, anaitwa malaya kabla hajapewa prazikwanteli.

Kinga yenyewe inajulikana, nitaipita haraka. Kondomu, kwetu *kapoti*, au kwa jina la alama iliyouzwa tangu wakati wa Zaire, Prudence. Jina hilo ni zuri, Kifaransa kwa uangalifu, na ndilo tatizo lake: anayeitoa mfukoni anaonekana kuwa anamwangalia mwenzake kwa shaka. Tarehe isiwe imepita. Isifunguliwe kwa meno. Ncha ibanwe hewa itoke. Isivaliwe mbili pamoja. Na isipakwe vazelini wala mafuta ya ngazi, kwa kuwa mafuta yanaoza mpira. Ishikwe chini wakati wa kutoka. Inakinga vizuri sana dhidi ya SIDA, kisonono na klamidia; kidogo zaidi dhidi ya kaswende, malengelenge na virusi vya papiloma, kwa sababu hivyo vinapita pia kwenye ngozi isiyofunikwa.

Jambo moja ningependa kila msomaji alijue kwa moyo, hasa wenzetu wanaotoka Kivu na Ituri: saa 72. Aliyebakwa, au ambaye kondomu yake imepasuka na mtu asiyejulikana hali yake, akifika kituo cha afya ndani ya saa hizo anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya SIDA, anazozimeza siku 28. Afadhali saa ya kwanza kuliko ya sabini. Aliyebakwa anapewa pia dawa za kuzuia kaswende, kisonono na klamidia, na kidonge cha kuzuia mimba ikiwa inahitajika.

Mfano wa mwisho wa jina lililopotosha ni wa juzi. Mpox iligunduliwa kwanza mwaka 1958 kwa nyani wa maabara huko Copenhagen, na jina likabaki kwao, ingawa wenyeji wa kirusi hicho porini yaelekea ni panya na kindi. Mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alikuwa mtoto wa Basankusu, Équateur, mwaka 1970. Tukaambiwa ni ndui ya nyani, tukachunga nyama ya porini. Kisha mwaka 2023, katika mji wa dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini, likatokea tawi jipya lililoitwa Ib, na wagonjwa wengi wa mwanzo walikuwa watu wazima, wakiwemo wanawake wanaouza ngono na wateja wao wachimbaji. Vipele vilikuwa sehemu za siri. Mtu aliyefundishwa kuogopa nyani hakuwa na sababu ya kuogopa kitanda. OMS ilikuwa imebadili jina tangu Novemba 2022. Jina la zamani bado liko midomoni.

Na linabaki neno *mwenzako*. Kutibu mmoja bila mwingine ni kazi bure, kwa hiyo muuguzi anamaliza kila ushauri kwa kumwambia mgonjwa: «Uye na mwenzako.» Vitabu vya mafunzo vinasema «mwenzi», lakini katika Kiswahili chetu *mwenzako* ni yeyote aliye sawa nawe: wa darasa, wa kazi, wa rika. Wauguzi walinisimulia kwa kicheko juu ya mama aliyerudi siku iliyopangwa pamoja na jirani yake wa sokoni, mwanamke mzima, aliyekuwa ameacha bidhaa zake na kukaa saa mbili kwenye benchi bila kujua kwa nini ameitwa. Tangu siku hiyo wanasema: «Uye na ule mwenye munalalaka naye.» Hata hivyo mama mmoja aliuliza kama alete na watoto, maana chumba ni kimoja.